PROGRAMU YA MUZIKI IKIACHWA NA WENYEWE, TUFANYE NINI?



Somo la mara hii linatoka kwa swali tuliloletewa na waimbaji wa korali. Waliuliza: "Tumesikia Finale imekufa. Nyimbo zetu zilizo ndani zitapotea? Na sasa tuandike na programu gani?" Swali hili si la korali peke yake. Linawagusa vijana wanaotengeneza muziki kwa kinanda na mashini, na linamgusa kila mtu anayeweka kazi yake ndani ya ordinateri (ndiyo kompyuta). Kwa hiyo tumeona vema tulijibu kwa urefu kidogo.

Wengine hawajaiona Finale. Ni programu ya kuandika noti. Unaweka sauti ine, soprano, alto, tena na besi, unaandika maneno chini yake, mashini inapiga ili usikie kama kuna kosa, kiisha unachapa karatasi. Watunzi wengi wa korali waliifundishana mmoja kwa mwenzake, na vidole vyao vimeizoea. Juu ya hii habari iliwauma.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Finale ilitoka mara ya kwanza mwaka wa 1988 huko Marekani, kwa kampuni Coda, ambayo leo inaitwa MakeMusic. Tarehe 26 Agosti 2024 MakeMusic ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena wala kuiuza. Walieleza kwamba programu imezeeka: ndani yake kuna mamilioni ya mistari ya maandiko ya mashini, na kila mara Windows na Mac zinapobadilika, kuisahihisha kunakuwa kazi nzito zaidi. Waliwaelekeza wateja wao kwa programu ingine, Dorico, ya kampuni Steinberg ya Ujerumani. Wakawapatanishia bei: dola 149 kwa mwenye Finale, wakati bei ya kawaida ilikuwa dola 579. Mara ya kwanza walisema tena kwamba nyuma ya mwaka mmoja hakuna mtu atakayeweza kuruhusiwa kutumia Finale yake juu ya mashini mpya. Watu walilalamika sana duniani kote. Hazikupita siku nyingi, wakabadilisha neno hilo na kusema ruhusa itaendelea kutolewa. Ni vizuri walifanya vile. Lakini tuone jambo moja hapa: watu walikuwa wamelipa feza yao, na bado neno la kufungula au kufunga lilikuwa mkononi mwa mwingine.

KUFA MAANA YAKE NINI?

Programu haifi kama mbuzi. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 2024 Finale ilifunguka katika mashini za watu sawa na jana yake. Ni kama pikipiki ambayo kampuni yake imeacha kutengeneza vipande. Pikipiki inatembea. Unaweza kwenda nayo mpaka Punia na kurudi. Lakini siku mnyororo utakapokatika, au siku utakapohitaji pistoni, utazunguka soko lote bila kupata.

Kwa programu, "mnyororo" ni Windows. Programu ya zamani inaishi vizuri juu ya Windows ya zamani, na Windows yenyewe inazeeka: Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashini ikiharibika na mukanunua ingine mpya, si hakika kwamba programu ya zamani itakubali kukaa humo. Basi, jibu la kwanza kwa korali ni hili: musiifute Finale. Mashini iliyo nayo iacheni na Windows yake vile ilivyo, musiibadilishe bila sababu. Nyimbo hazijapotea. Muko na wakati. Lakini wakati huo si wa kulala.

SI FINALE PEKE YAKE

Tusizani jambo hili ni jipya. Mwaka wa 2002 kampuni Apple ilinunua Emagic, kampuni ya Ujerumani iliyotengeneza programu Logic. Ilinunua katika mwezi wa saba, na mwisho wa mwezi wa kenda Logic ya Windows ikasimamishwa. Wenye Windows walipaswa kununua mashini ya Apple au kutafuta njia ingine. Mwaka wa 2003 Adobe ilinunua Cool Edit, programu iliyopendwa sana na wenye studio ndogo. Leo kazi yake iko ndani ya Adobe Audition, na jina la Cool Edit limepotea.

Habari ya Cakewalk ni ndefu zaidi. Ni programu ya Marekani iliyoanza mwaka wa 1987. Katika mwezi wa kumi na moja 2017, Gibson, wale wa magitaa, waliokuwa wenyewe wakati ule, walitangaza kuiacha. Watu wakalia. Mwezi wa pili 2018 kampuni BandLab ya Singapore ikaichukua, na ikaitoa bure. Watu wakafurahi. Kiisha BandLab ikatengeneza Sonar mpya, na ile ya bure ikawekwa kando nayo, ingawa baadaye Sonar pia ilipata toleo la bure. Mtu aliyekaa na Cakewalk katika miaka hiyo minane alizikwa na kufufuliwa zaidi ya mara moja, na yeye mwenyewe hakutenda neno!

Na Sibelius? Hiyo ni programu ya noti, mshindani mkubwa wa Finale. Mwaka wa 2012 kampuni Avid ilifunga ofisi ya London walimokuwa watengenezaji wake. Wote walisema Sibelius imekwisha. Haikukwisha, inauzwa mpaka leo. Lakini wale wafanyakazi walichukuliwa na Steinberg, wakatengeneza Dorico, iliyotoka mwaka wa 2016. Ndiyo Dorico ile ile ambayo MakeMusic inawatumia wateja wa Finale. Hivi tunaona kwamba ukubwa wa jina si ulinzi, na tena uvumi wa kifo si kifo.

KABLA YA KUCHAGUA, TOA KAZI YAKO

Hapa ndipo tunataka wanafunzi wasikie vizuri. Programu inapoachwa, watu wengi wanakimbilia swali "ni gani iliyo bora?" Wanabishana siku nyingi. Swali hilo ni la pili. La kwanza ni: kazi iliyo ndani itatoka namna gani?

Kila programu inaweka kazi katika fisie (faili) ya namna yake. Finale inaandika fisie yenye mwisho .musx, na zile za kale .mus. Ukiipeleka fisie hiyo kwa programu ingine, mara nyingi itaiangalia kama vile sisi tunavyoangalia barua ya Kichina. Lakini kuna lugha ya soko ambayo programu nyingi za noti zinaisikia. Inaitwa MusicXML. Ilianzishwa na Mmarekani Michael Good; toleo la kwanza lilitoka mwaka wa 2004, na tangu mwaka wa 2015 inachungwa na kikundi cha W3C, shirika lile linalochunga kanuni za kurasa za intaneti. Si mali ya programu moja. Tena ni maandishi matupu. Ukiifungula na programu ya kawaida ya kuandikia, utaona maneno: noti hii ni G, urefu wake huu, silabi yake hii. Hata kama programu zote za leo zitakufa, mtu mwenye akili na subira ataweza kuisoma.

Basi kazi ya kwanza ya korali ni kufungula kila wimbo katika Finale na kuutoa kwa MusicXML. Angalieni katika orodha ya File, neno Export. Mwenye toleo la 27 anaweza kutoa dosie nzima kwa mara moja. Kisha, kila wimbo utolewe tena kwa PDF, na uchapwe karatasi moja. Kwa nini vitatu? Kwa sababu kila kimoja kinabeba kitu na kuacha kingine.

MusicXML inabeba noti, urefu wake, maneno, ufunguo na vipimo. Haichungi vizuri sura ya ukurasa: nafasi kati ya mistari, ukubwa wa herufi, mahali pa jina la mtunzi. Angalieni sana solfa. Watunzi wetu wengi wanaweka d r m f chini ya noti. Kama mtunzi aliandika solfa kama mstari wa maneno, itafika kama aya moja ya wimbo. Kama aliiweka kama maandishi ya kuelea ovyo juu ya ukurasa, inaweza kutawanyika, na itafaa kurudishwa kwa mkono.

PDF inachunga sura yote. Lakini PDF ni picha ya karatasi tu. Ukitaka kushusha wimbo kutoka G mpaka F juu ya tena wasiofika, PDF haitakusaidia, utaandika upya. Tunasema hivi kwa sababu nyimbo nyingi za Kiswahili zinatembea kwa PDF. Tovuti ya Swahili Music Notes, kwa mfano, imejaa karatasi za namna hii za nyimbo za Kikatoliki za Tanzania. Ni hazina kubwa kwa kuimba. Kwa kusahihisha, hapana.

Wengine watasema: "Sisi tunatoa kwa MIDI, inatosha." Haitoshi. MIDI ni mapatano ya mwaka wa 1983 kati ya vinanda. Inasema kidole kimegusa wapi, saa gani, na kwa nguvu gani. Haijui kama uliandika F-diyezi au G-bemoli, maana juu ya kinanda ni kifungo kimoja. Mwanafunzi wa muziki anajua kwamba kwenye karatasi si kitu kimoja hata kidogo.

Na karatasi? Musicheke karatasi. Solfa tunayoimba ilienezwa na mchungaji Mwingereza John Curwen tangu miaka ya 1840, yeye akiwa ameichukua kwa mwalimu mwanamke wa Norwich, Sarah Glover, na kuitengeneza tena. Haikuhitaji mistari mitano, wala kinanda, wala feza nyingi. Wamisionari waliibeba kwa mashua na kwa miguu. Karatasi ya solfa ya wakati ule ingesomeka leo na msichana wa mwaka wa kwanza. Adui yake hapa kwetu ni mchwa na unyevu wa pori, basi iwekwe ndani ya plastiki, juu, mbali na ukuta.

KWA WALE WANAOREKODI

Mwenye kutengeneza muziki wa sauti zilizorekodiwa, MusicXML si yake. Yeye atoe kila sauti peke yake kwa WAV: soprano fisie moja, besi fisie moja, ngoma fisie moja. Zote zianze kwa sekunde ya sifuri, hata kama besi inaingia kwa kipimo cha ishirini. Ndipo katika programu yoyote ingine utaziweka pamoja na zitaoana. Usipofanya hivi utatafuta mahali pa besi mpaka usiku. Pia andika kwenye daftari mwendo wa wimbo (vipigo vingapi kwa dakika), maana WAV haikuambii.

Tufanye hesabu, maana wengi wanaogopa uzito. WAV ya sauti moja, kwa kipimo cha kawaida cha CD, inachukua namba 44 100 kwa kila sekunde, na kila namba ina bayiti 2. Hiyo ni bayiti 88 200 kwa sekunde, ndiyo kama mega 5,3 kwa dakika. Wimbo wa dakika 5 wenye sauti 4: 5,3 × 5 × 4 = mega 106. Kle moja ya giga 16 itabeba nyimbo karibu 150. Korali gani hapa Lubutu iko na nyimbo 150 zilizorekodiwa? Nunueni kle mbili. Moja ikae kwa kiongozi wa korali, ingine ikae nyumba ingine, sababu moto na mwizi hawachagui.

SASA TUCHAGUE

Katika majarida ya Ulaya wanauliza ni programu gani iko na sauti nzuri ya violoni. Sisi tuulize mambo yetu. Je, itaomba intaneti kila mara ili ifunguke? Mahali ambapo mega zinanunuliwa kwa hesabu na mtandao unaondoka bila kuaga, programu inayoomba ruhusa mara kwa mara itakufunga siku ya mazoezi. Je, itatembea juu ya mashini ya zamani, kwa umeme wa jua? Je, bei inalipwa namna gani? Wengi wetu tuko na feza ya telefone, lakini hatuna karta ya benki ya kulipia ng'ambo. Na swali linalotoka kwa somo lote hili: mlango wa kutokea uko wapi? Programu isiyoonyesha waziwazi namna ya kutoa kazi yako, usiingie.

Kwa noti, maoni yetu ni MuseScore. Ilianzishwa na Mjerumani Werner Schweer mwaka wa 2002. Ni ya bure, na maandiko yake ya ndani yako wazi. Maana yake, kampuni inayoichunga leo ikiiacha, watu wengine wako na haki ya kuichukua na kuendelea nayo. Inasoma MusicXML na kuitoa. Haihitaji ruhusa ya intaneti ili kufunguka. Mashini mpya zichukue toleo la 4. Mashini za zamani zinaweza kutumia toleo la 3.6.2 la mwaka wa 2021, ambalo ni jepesi. Lakini patanisheni mapema, maana wimbo uliowekwa na toleo la 4 hautafunguka katika la 3. Tena zile sauti kubwa za orkestra inazokupendekezea ni za giga nyingi. Muziache. Korali inahitaji kusikia noti, haihitaji tarumbeta za filimu.

Dorico ni nzuri sana, hatukatai. Kwa kuchapa kitabu kizima cha nyimbo labda inapita. Lakini ile bei ya dola 149 ilikuwa kwa yule aliyenunua Finale kwa haki. Na tuseme ukweli: Finale nyingi zinazotembea kwa kle katika miji yetu hazikununuliwa na mtu. Programu ya kuvunjwa inaleta virusi, haipati masahihisho, na ni kuchukua kazi ya mtu bila malipo. Mtunzi anayekasirika wimbo wake ukirekodiwa bila ruhusa afikiri kidogo. Wakati ya bure na ya haki iko, hatuoni sababu.

Kwa kurekodi, Audacity inatosha wanaoanza. Ni ya bure tangu mwaka wa 2000, na inakaa juu ya mashini dhaifu. Anayetaka kupanga sauti nyingi na kuzisawazisha ajaribu Reaper. Ni ndogo ajabu, mega chache tu za kushusha, na unaijaribu siku 60 kabla ya kulipa. Bei ya mtu binafsi ni dola 60. Jambo tunalolipenda: fisie yake ya kazi ni maandishi matupu, kama MusicXML.

Vijana wa biti wote wanataka FL Studio ya Ubelgiji. Tunaelewa, ni ya haraka, na mwenye kuinunua anapata matoleo mapya bila kulipa tena. Lakini ile ya majaribio iko na mtego: inakubali kuhifadhi kazi yako, kiisha ukiifunga haikubali kuifungula tena mpaka ulipe. Basi ukiijaribu, toa WAV siku ile ile, kabla ya umeme kwenda.

Musihame kwa siku moja. Chukueni wimbo mmoja mgumu, wenye aya nyingi, marudio na solfa. Uhamisheni. Muuchape. Muuweke karibu na karatasi ya zamani, na alto asome kwa kidole, noti kwa noti. Pale unapoharibika ndipo mutakapojua kazi inayowangoja kwa zile ingine. Tena anzeni na nyimbo za watunzi wazee, ambao karatasi zao za mkono hazipo tena. Za vijana, wenyewe bado wanazikumbuka.

MASWALI YA SOMO

1. Korali iko na nyimbo 40 za dakika 4, kila moja na sauti 6. Zote kwa WAV zitachukua mega ngapi? Zitaingia katika kle ya giga 4?

2. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya PDF, MIDI na MusicXML. Ni kipi utakachompa mwimbaji, na kipi utakachompa mtunzi?

3. Andika mstari wa kwanza wa wimbo mmoja wa korali yako kwa solfa, sauti zote ine, bila mashini. Ulete Jumatano, tutaulinganisha na ule ulio katika ordinateri.